Jibu: Polisi waende, au waachiwe wahudumu wa afya ya akili?

Ndugu, umeuliza kama polisi waitwe mtu akirukwa na akili, au kazi hiyo waachiwe wahudumu peke yao. Kwangu swali la kwanza ni kama kuna silaha. Kama ipo, polisi hawakwepeki, ila awe askari aliyefundishwa. Memphis, Marekani, walianza hivyo mwaka 1988, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua mgonjwa aliyeshika kisu. Askari wanaojitolea hupata mafunzo ya saa 40.

Hakuna silaha? Basi sare na king'ora huongeza hofu tu. Eugene, jimbo la Oregon, tangu 1989 gari lilikuwa likitumwa na watu wawili wasio na bunduki: mmoja wa tiba, mwingine mshauri. Denver nao walianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2020.

Kwenye tukio lenyewe, anayeongea awe mmoja. Wengine wanyamaze, redio ipunguzwe sauti, mgonjwa aitwe kwa jina na asizibiwe njia. Askari watatu wakifoka kwa pamoja, hata mzima angechanganyikiwa!

Wewe unayepiga simu, sema mapema: ni mgonjwa, ana silaha au hana, anatumia dawa gani, nini humtuliza.

Wengi husahau mapokezi. Memphis walikubaliana na hospitali impokee mgonjwa bila kuzungushana, askari arudi kazini. Makubaliano hayo yasipokuwepo, mgonjwa huishia mahabusu, hata askari awe mpole kiasi gani.