Vaa hedifoni kwanza

Umeuliza milio ya maji kwenye spika inahusiana vipi na historia. Anza na Drexciya, wawili wa Detroit waliopiga tekno, muziki wa densi wa vyombo vya umeme, miaka ya 1990. Maelezo ya albamu yao ya 1997 yanauliza: wajawazito wa Kiafrika waliotoswa baharini kutoka meli za watumwa, je, watoto wao walijifunza kupumua majini? Hekaya, sawa. Lakini kutoswa kulitokea kweli. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya watumwa Zong walitosa Waafrika zaidi ya 120, wenye meli wakadai bima kama ya mizigo iliyopotea! Mahakamani London, 1783, ubishi ulikuwa wa fidia, si wa mauaji. Sasa zima taa uwasikilize Drexciya: besi inavuma chinichini, juu yake vimlio vikavu, kama mtu anayebisha ubavuni mwa meli.