Re: Mbona wanaume nao huchorwa na misuli ya ajabu?

Mkuu, umeuliza kwa nini tulalamikie jinsi wahusika wa kike tu wanavyochorwa, wakati wanaume nao kwenye magemu wana misuli isiyo ya kawaida. Swali la haki. Ila misuli ile ni nguvu ambayo mchezaji anatamani awe nayo mwenyewe. Kiuno cha nyigu cha Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu la Tomb Raider la 1996, kiliwekwa kitazamwe.

Mfano unaoniuma zaidi ni gemu la Metroid la Nintendo, 1986. Mchezo mzima shujaa wake, Samus, yumo ndani ya deraya, wengi wakadhani ni mwanamume. Ukimaliza mapema anavua kofia: kumbe mwanamke! Hapo nawapigia makofi kabisa. Lakini ukimaliza chini ya saa moja, anatokea na bikini. Yaani mwili wake ndio zawadi ya mchezaji hodari. Sasa mtazame Arthur, shujaa wa kiume wa gemu la Ghosts 'n Goblins, 1985. Naye hubaki na chupi, ila ni pale anapopigwa na adui. Kwake ni aibu ya kushindwa.

Na sisemi wasipendeze. Lara wa gemu la 2013 kavaa suruali ndefu, kachafuka matope, na bado anavutia.