Magodoro ya wapangaji wanachuo: usihesabu miaka

Dada, umeuliza kama ubadilishe magodoro yote kila baada ya miaka miwili. Usihesabu miaka, kagua. Mimi nina vyumba vichache vya kupangisha Changanyikeni, Dar es Salaam, nakagua likizo ndefu wanachuo wakishaondoka. Vua kava, bonyeza katikati kwa goti. Ukiisikia chaga, hilo limekwisha hata kama lina mwaka mmoja. Yale mepesi ya bei ya chee ndiyo yanawahi.

Kisha washa tochi ya simu, pitisha kwenye mishono. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni kinyesi cha kunguni. Hapo usitupe godoro ukaacha kitanda. Nilifanya hivyo, godoro jipya likajaa tena, kumbe wenyewe wamelala kwenye maungio ya mbao. Na usidhani chumba kikikaa kitupu watakufa, wanavumilia njaa kwa miezi. Ita fundi wa kupulizia dawa kwanza, ndipo ununue.

Kitanda kinachopiga kelele kaza nati tu, chaga ikikatika badilisha hiyo moja. Ila dabo deka iliyopasuka penye welding iondoe siku hiyo hiyo. Kuna mtu analala chini yake.