Kliniki iliyovunja miadi: je, ni haki kuiandika mtandaoni?

SWALI

Ndugu Mshauri, hivi karibuni nilisafiri kutoka Mafinga hadi Iringa mjini kwa ajili ya miadi ya saa nne asubuhi katika kliniki binafsi ya meno, miadi niliyoipanga kwa simu na kuthibitishiwa kwa ujumbe mfupi siku moja kabla. Nilishuka Ipogolo, nikapanda bajaji hadi mjini, nikamkuta mhudumu wa mapokezi peke yake, naye akaniambia kuwa daktari ametoka na haijulikani atarudi saa ngapi. Nilisubiri hadi saa nane mchana huku simu ya daktari ikiita bila kupokelewa, kisha nikarudi nyumbani na jino langu. Jioni niliyaandika hayo kwenye ukurasa wa kliniki katika Google Maps na kuipa nyota moja. Mwenye kliniki amenijibu palepale kwamba mtu ambaye hakutibiwa hana haki ya kutoa maoni, na kwamba nisipofuta atanichukulia hatua. Je, kurasa za namna hii zinapaswa kupokea taarifa za miadi iliyovunjwa? Nami nifute?

Msomaji, Mafinga

JIBU

Usifute, ingawa yapo mambo mawili matatu ambayo ungefaa kuyaweka sawa katika ulichoandika.

Mwenye kliniki anasema kweli kwa kiasi kimoja tu: hukuketi katika kiti chake, hivyo huwezi kumweleza msomaji kama mkono wake ni mwepesi au mzito. Lakini huduma ya daktari haianzii kwenye ganzi. Mkazi wa Kihesa akikosa daktari leo anaweza kurudi kesho kwa miguu, ilhali anayetoka Mafinga, takriban kilomita 80, amekwishapoteza nauli na siku nzima ya kazi, na anayetoka Makete wakati wa masika huenda amelala njiani. Kwa watu hao, kujua kama daktari hupatikana saa aliyoahidi kunatangulia kujua uhodari wake. Ukurasa wa maoni unaokataa taarifa hiyo unamficha msomaji jambo analolihitaji kabla ya kupanda gari. Google Maps yenyewe hutaka maoni yatokane na jambo lililomkuta mwandishi kwa kweli, na safari yako ilikuwa ya kweli.

Hata hivyo, taarifa ya miadi iliyovunjwa ina hatari yake, nayo iko kwenye nyota. Kliniki nyingi za mikoa yetu zina maoni machache mno mtandaoni. Tuchukue kliniki iliyopewa nyota tano na watu watatu: nyota yako moja inaushusha wastani kutoka 5 hadi 4.0, na anayetazama wastani bila kusoma maneno atadhani kuna mtu aliyeharibiwa jino. Maoni yangu ni kwamba kurasa hizi zingetenganisha alama ya utunzaji wa miadi na alama ya huduma yenyewe, na kutolihesabu kosa la miaka mitatu iliyopita katika wastani kama tabia ya leo. Kwa kuwa hazifanyi hivyo, mzigo unabaki kwa mwandishi. Sentensi yako ya kwanza iseme wazi kwamba hukutibiwa. Kisha taja siku, saa ya miadi, namna ulivyothibitishiwa, muda uliosubiri na kama kuna aliyekupigia baadaye, ukaishie hapo. Ukiandika kwamba daktari ni tapeli au hajali wagonjwa, umeondoka kwenye ulichokiona na kuingia kwenye nia yake, ambayo huijui. Pengine aliitwa kwa dharura.

Kama ndivyo, mwenye kliniki ana nafasi ya kujibu hadharani chini ya maoni yako, na maneno kama "tuliitwa kwa dharura, tunaomba radhi, tutakupangia siku nyingine" yangemsaidia kuliko vitisho. Anaweza pia kuiomba Google iondoe maoni yanayokiuka masharti yake, lakini Google haiondoi maoni kwa sababu tu mwenye biashara hayapendi. Ajihadhari asieleze katika jibu lake ulikuja kutibiwa nini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuhusu tishio lake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamlenga anayechapisha uongo huku akijua kuwa ni uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha. Utunze ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha miadi, kwa kuwa ndio ushahidi wako. Akikufikishia barua ya wakili, usimjibu mtandaoni; mtafute mwanasheria.

Barua nyingine imetoka kwa mwenye saluni wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye anageuza swali: maharusi huweka nafasi ya Jumamosi, yeye hukataa wateja wengine, kisha hawatokei wala hawapokei simu. Anauliza kwa nini naye asichapishe majina yao na namba zao ili saluni nyingine zijihadhari.

Namwonea huruma, ila jibu langu kwake ni hapana. Saluni imejitangaza kwa umma ikiwaita watu waje, hivyo umma una haki ya kujua kama mlango hufunguliwa kwa saa iliyoahidiwa. Mteja hakujitangaza popote, na alitoa namba yake ili apangiwe nafasi. Kuitumia namba hiyo kumwanika ni kuitumia kwa shughuli ambayo hakuiridhia, jambo ambalo sheria hiyo ya mwaka 2022 inalizuia. Dawa yake ni kianzio kinachotumwa kwa simu siku ya kuweka nafasi, pamoja na ujumbe unaotaja saa ya miadi na siku ya mwisho ya kuahirisha bila kukipoteza. Na siku saluni ikivunja miadi yenyewe, kianzio chote kirudishwe siku hiyohiyo bila bibi harusi kulazimika kukidai.