Kuna Mbezi mbili, mkuu: usilipe chumba Dar kabla hujajua kipo barabara ipi

Mkuu, hiyo advansi ya chumba usiitume. Kama umeshaituma, basi salio lisitoke mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba mnatoka Mtwara mjini, wewe, mama watoto na watoto 2, mnakwenda kutembea Dar siku 4 likizo ya Juni. Dalali amekupatia chumba "Mbezi", 25,000 kwa usiku, "karibu na bahari, dakika 20 umefika mjini". Mnataka kuona Makumbusho ya Taifa, Feri, Coco Beach na kisiwa cha Mbudya, na umeuliza pia habari za basi. Mimi nina swali moja: ni Mbezi ipi?

Dar kuna Mbezi Beach na kuna Mbezi Luis. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari kweli. Mbezi Luis, wengine wanaiita Mbezi Mwisho au Mbezi ya Kimara, iko Barabara ya Morogoro, huko kwenye Stendi ya Magufuli, na bahari huioni hata ukipanda mnazi. Chumba cha watu 4 kwa 25,000, karibu na ufukwe, mwezi wa likizo? Hiyo ni Mbezi Luis, naweka mkono kwenye moto. Hawa madalali wanaandika "Mbezi" tupu kwa makusudi, maana wanajua mtu wa Lindi au Mtwara akisikia Mbezi kichwani anaona mchanga na mawimbi. Niliingizwa humohumo. Siku 2 kati ya 4 zikaishia garini, na aliyenipangisha nilipomlalamikia alinijibu, "Lakini yote si Dar?" Hapana, siyo yote. Mtu anayemwambia mgeni mwenye watoto "yote si Dar" anajua anachokifanya, na pesa yako akishaipokea simu haipokei tena.

Najua watakuja wa kusema mtu wa Kusini kaona foleni kashtuka. Waacheni waseme, wao hawabebi mtoto aliyelala begani toka Ubungo.

Kinachotuponza sisi ni kipimo cha kwetu. Mikindani mpaka Mtwara mjini ni kama kilomita 10. Unapanda gari, unasalimiana na abiria wawili watatu, umeshashuka. Sasa ukiambiwa Mbezi Luis mpaka Posta ni kilomita 20 na kitu, unazidisha mara mbili unasema dakika 40, hamna neno. Dar hakuna anayehesabu kilomita. Wanahesabu umetoka saa ngapi na unabadilisha gari mara ngapi. Kilomita hizohizo 20, ukiondoka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi kuelekea mjini, ni muda wa saa moja na nusu, na siku mbaya ni zaidi ya saa mbili. Jioni, kuanzia saa 10 mpaka saa 2 usiku, foleni inageuka kuwa ya kutoka mjini, na wewe ndiyo saa hiyo unarudi. Piga hesabu ya kwenda na kurudi kwa siku 4 uone unabaki na siku ngapi za kutembea.

Ramani ya Dar ishike hivi. Tanua kiganja chako. Kifundo cha mkono ni Posta na Kariakoo. Vidole ni barabara kubwa nne: Kilwa inayokwenda Mbagala, Nyerere (wazee wanaiita Pugu Road) inayokwenda uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, Morogoro inayokwenda Ubungo, Kimara, Mbezi Luis hadi Kibaha, na ya mwisho ni ya upande wa Bagamoyo, inayopita Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta na Bunju. Kutoka kidole kimoja kwenda kingine njia kubwa zaidi ni Barabara ya Mandela, inayotoka upande wa bandari, inapita Tazara na Buguruni, ikifika Ubungo inaendelea kwa jina la Sam Nujoma mpaka Mwenge. Malori ya bandarini nayo yamo humohumo. Mtu anayelala kidole kimoja na kutembelea kingine mara nyingi atafanya moja kati ya mawili: arudi mpaka kifundoni ndipo apande tena, au aingie Mandela akae nyuma ya makontena.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ukisahau mengine yote niliyoandika hii usiisahau: LALA KWENYE BARABARA YENYE VITU UNAVYOTAKA KUVIONA, NA SIKU MOJA NI BARABARA MOJA. Bei ya chumba inafuata baadaye.

Sasa chukua orodha yako. Makumbusho ya Taifa na Feri viko kifundoni. Coco Beach iko Oysterbay, ni upande wa Bagamoyo. Boti za Mbudya zinatokea Kunduchi, hiyo ni Barabara ya Bagamoyo kabisa, mbele ya Mbezi Beach. Umeona? Barabara ya Morogoro huna kitu hata kimoja, na huko ndiko unakotaka kulala usiku 4. Tafuta Sinza, Kijitonyama au Mwenge. Gesti zipo nyingi, chumba kitakuwa kidogo na utaongeza hela, lakini nyongeza hiyo utaila kwenye usafiri mara mbili yake ukibaki Mbezi Luis, hasa siku ile watoto watakapochoka ukakodi gari.

Na kama una ndugu Mbagala, maana nani kwetu hana ndugu Mbagala, nenda kalale kwa ndugu Rangi Tatu bila aibu. Pale ni mwanzo wa gari, na hilo lina maana kubwa ukiwa na watoto. Kituo cha katikati, tuseme Zakhem au Mtoni, asubuhi gari linafika limeshajaa na konda hasimamishi. Hata mwanzoni penyewe utaona watu wanadandia gari linaloshusha, wanarudi nalo wakiwa wameshakaa, wanaita kugeuza. Wanatembea kurudi nyuma kituo kimoja viwili, wanapanda gari linalokuja mwisho, wanalipa nauli mara mbili ili wapate siti. Ukiwa na watoto, fanya hivyo. Au subiri saa 3 ipite, magari yanapungua watu. Barabara ya Kilwa imejengewa njia ya mwendokasi toka Rangi Tatu hadi Gerezani, kwa hiyo ukifika mwulize mwenyeji wiki hiyo mabasi yanakwendaje. Lakini tokea Mbagala fanya Posta na Kigamboni. Mbudya tokea Mbagala utakuwa umelivuka jiji zima, umeshavunja kanuni.

Majina mengine yanayopoteza wageni ni haya. Ukisimama kituoni ukasema "Makumbusho", konda atakupeleka Stendi ya Makumbusho, Kijitonyama. Hapo jirani kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ni pazuri na watoto watapapenda, lakini siyo Makumbusho ya Taifa. Ya Taifa iko mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kwenda huko panda gari la Posta au Kivukoni. Posta nazo mbili, Posta Mpya na Posta ya Zamani, ila hizo hazina madhara, kati yake unatembea kwa miguu. Kongowe ndiyo hatari: iko ya Mbagala, mnakopita nyie mkitokea Kusini, na iko ya Kibaha. Rafiki akikwambia "nipo Kongowe, njooni mlale", muulize kwanza barabara.

Siku ya Posta ifanye kwa miguu, yote haizidi kama kilomita 3. Anzia Feri asubuhi, soko la samaki likiwa bado lina mnada. Pantoni ya Kigamboni waonyeshe watoto ukitaka, ingawa kivuko cha Msangamkuu wanakijua, hiki ni kikubwa zaidi tu. Fuata ukingo wa bahari: utapita kanisa la Azania Front, kisha Mtakatifu Joseph, halafu jengo la Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, linalotazamana na gati la boti. Panda juu mpaka Samora, geuka kulia, nenda hadi Sanamu la Askari, liko pale tangu 1927. Endelea na Samora mpaka bustanini, Makumbusho ya Taifa iko hapo. Msiende mapema mno, milango hufunguliwa saa 3 na nusu asubuhi. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje. Mnakaribia Ikulu, kwa hiyo simu za kupiga picha ziwe mfukoni, na bandarini vilevile.

Ndani kuna masalia ya Zinjanthropus wa Olduvai, yaliyopatikana 1959. Lakini waandae watoto mapema: mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru hayumo. Yule aliyechimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913 yuko Berlin, amesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kila mtoto wa Kusini akifika pale anamwulizia, na inauma kumjibu.

Coco Beach iunganishe na siku hiyohiyo, mchana ukishapoa. Toka Posta kodi gari lipite Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, linakushusha upande wa Coco bila kuzunguka Daraja la Selander. Kula mihogo, kaa mpaka saa 2 usiku foleni ikatike, ndipo mrudi Sinza. Ukitaka kurudi saa 11 jioni utakaa barabarani muda uleule na watoto watakuwa hawajaogelea.

Mbudya ipe siku yake nzima. Juni ni kusi, na kusi unaijua: asubuhi bahari imetulia, mchana upepo unaamka na boti inaruka. Uwe Kunduchi saa 3 asubuhi, rudi mapema alasiri. Kuna ada ya hifadhi ya bahari juu ya nauli ya boti, kwa hiyo ukiambiwa bei uliza kama ada imo. Maji ya kunywa bebeni wenyewe ya kutosha siku nzima, na kofia. Kama mna nafasi siku inayobaki, Mwenge wako wachonga vinyago, Wamakonde wenzetu wengi, mtazungumza kilugha na bei itakuwa ya nyumbani.

Sasa kama advansi imeshaliwa na dalali harudishi, okoa kinachookoka. Lala Mbezi Luis usiku mmoja tu, ule wa kufika, hasa kama basi lako mwisho wake ni Stendi ya Magufuli. Usiku huo hamtembei popote, mmechoka na kilomita 500 na ushee. Kesho yake hamisha mizigo baada ya saa 3. Ukilazimika kubaki hapo na mnakwenda Mbudya, msiende Ubungo kwanza kama watakavyokwambia. Kuna barabara inayokata toka Mbezi Luis kupitia Goba mpaka Tangi Bovu, mnatokea Barabara ya Bagamoyo mkiwa mmelikwepa jiji lote. Hiyo ndiyo faida pekee ya Mbezi Luis ninayoijua kwa mtalii.

Na pale stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kabla ya kukata tiketi mwulize wakala basi linaishia wapi. Mabasi yetu yanaingia kwa Barabara ya Kilwa, Rangi Tatu mnaipita mapema sana kabla ya mwisho wa safari. Anayelala Mbagala au Temeke ashuke huko. Ukibebwa mpaka Mbezi Luis halafu urudi Mbagala usiku na mabegi, umeongeza safari nyingine juu ya safari. Msipange pia kurudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Barabara yetu ikipata mvua inajulikana, Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata pale Somanga watu wakalala njiani.

Mpigie dalali sasa hivi, usimwandikie, mpigie. Muulize maneno haya: chumba kipo barabara gani, kituo cha daladala kinaitwaje, na hapo kituoni konda anaita wapi na wapi. Akisema "wewe njoo tu, nitakupokea stendi", kata simu. Akikutajia kituo, kiandike hapa chini, nitakwambia ni Mbezi ipi.