Kwa nini mtoto aliwekewa dripu na baba yake akafungwa vidonda tu

Mkuu, umeuliza kwa nini mwanao aliyemwagikiwa na chai alilazwa na dripu, wakati wewe ulipoungua na mafuta ulifungwa vidonda ukarudi nyumbani. Mimi ni muuguzi, nimekaa sana wodi ya walioungua, nikueleze.

Ngozi ikiungua, mishipa midogo ya damu inavuja. Maji ya damu yanaingia kwenye nyama na malengelenge, hasa saa 24 za mwanzo. Mtu mzima anahimili mpaka karibu asilimia 15 ya ngozi kabla ya kuhitaji dripu. Mtoto ni asilimia 10, na kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole ndiyo kama asilimia 1. Sasa fikiria: mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 mwili mzima. Ikipungua kikombe kimoja cha chai, robo imekwenda.

Kinachonitisha kwa watoto ni presha kutoshuka mapema. Moyo unakimbia, mishipa ya mikono na miguu inajibana, mashine inasoma vizuri, mama anasema "afadhali ametulia". Presha ikija kushuka, hali imeshakuwa mbaya sana. Ndiyo maana naanza na vidole. Nabonyeza ukucha, nikiachia rangi ichelewe kurudi zaidi ya sekunde 2, nyayo za baridi, nepi kavu tangu asubuhi: namwita daktari hapo hapo.

Wazee wana lao. Bibi anayemeza atenolol, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, moyo wake haukimbii hata akipungukiwa maji. Presha yake ya kila siku ni 170, leo inasoma 115. Asiyemjua anaona nzuri, kumbe kwake hiyo ni ndogo mno. Kiu nayo haisikii sawasawa. Na huwezi kumfungulia dripu tu ikimbie, kwa sababu moyo na figo vimechoka, maji yakizidi yanajaa kwenye mapafu. Tunamwekea mpira wa mkojo, tunapima kila saa: kwa mtu mzima tunataka nusu mililita kwa kila kilo, kwa mtoto mililita 1.

Kwa hiyo ukimleta bibi, beba dawa zake zote. Na awe mtoto au mzee, taja saa aliyoungua. Nusu ya maji ya dripu ya siku ya kwanza inatakiwa iishe ndani ya saa 8 tangu ajali, siyo tangu mlipofika getini.