Ozoni juu ya Goma: jumla si tabaka

Ndugu yangu, nimeelewa: uko na namba moja ya ozoni toka TROPOMI, kile kifaa cha satelite kinaangalia chini toka juu, na mwalimu anataka ya kila urefu kwa memwari yako. Ile ni jumla, haigawanyiki. Ni kama kuangalia vitenge vimepangwa soko la Virunga ukiwa juu yake, lakini ukija kwa upande unahesabu kimoja kimoja. Chukua data ya MLS, kifaa cha satelite Aura, ilirushwa 2004, yenyewe inaangalia kwa upande na inapima mawimbi ozoni inatoa, hata usiku.

Urefu uko kwa hPa, ni kusema mgandamizo wa hewa: 100 ni karibu kilometa 16, 10 ni karibu 31. Hapa ndipo mimi nilipoteza wiki mbili, juu MLS inatoa ozoni ni sehemu gani ya hewa, basi kilele kinakuwa karibu na 10 hPa, kumbe molekuli zenyewe zimejaa zaidi chini yake, kama kilometa 25. Andika wazi unapima nini.

Chunga, chini ya kilometa 10 hivi usiitumie, hewa tunayopumua haimo. Na moshi wa volkano Nyiragongo uko na SO2, gesi ya salfa, inanyonya urujuanimno kama ozoni, inaweza kudanganya TROPOMI. Siku hizo uliza kwanza watu wa OVG, wale wanachunguza volkano hapa Goma.